Filamu ya Gurey na Mwanamke wa Kisimani

Mwaka wa 1999, katika kiangazi kirefu tunachokiita jilaal, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na miezi miwili, na siku zangu zote zilinuka moshi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa moshi wa makaa ya mgunga, ambao bibi yangu alivifukizia vyombo vya maziwa ya ngamia kila alfajiri ili maziwa yasiharibike kabla ya kufika soko la Garissa. Wa pili ulikuwa moshi wa dizeli, uliotoka katika jenereta ya ukumbi wa video. Wazazi wangu walikuwa Ijara na mifugo. Mimi niliachwa mjini na bibi, niliyemwita Ayeeyo, naye akaniita Ayeeyo pia, kwani ndiyo desturi yetu: mkubwa humrudishia mdogo jina la undugu kama mtu anayerudisha salamu. Shule sikuijua bado. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maziwa, na mteja wangu wa saa nane mchana alikuwa mwenye ukumbi wa video, ambaye kila siku alihitaji chupa moja ya maziwa kwa ajili ya chai yake.

Mtu huyo aliitwa Gurey, yaani mtumia mkono wa kushoto. Kwetu mtu hupewa jina la utani kutokana na alivyoumbwa, akalibeba mpaka kaburini bila kinyongo. Mimi nilimwita Adeer Gurey, kwa heshima, kama ambavyo ningemwita ndugu wa baba yangu. Ukumbi wake ulikuwa wa mabati, wenye mabenchi tisa, runinga moja na deki moja, na ndani yake mlikuwa na joto la kuoka mkate. Karibu kila siku alionyesha sinema za Kihindi, akazieleza kwa Kisomali kupitia kipaza sauti, ingawa Kihindi chenyewe hakujua hata cha kuombea maji. Alitazama nyuso, akatunga maneno. Baba akimkaripia bintiye kwenye picha, Gurey alimfanya adai ngamia wa mahari. Wanaume wa Garissa walilia kwa maneno ambayo hakuna mhusika aliyeyasema. Nimesikia baadaye watu wenye elimu wakijadili kwa ukali namna ya kuhamisha hadithi kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine. Mimi nililiona jambo hilo likitendwa kila alasiri na mtu mwenye kikombe cha chai mkononi.

Wanawake hawakuingia humo. Haikuandikwa popote, ilijulikana tu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilikuwa na chupa ya maziwa, nilikawia nyuma ya pazia la gunia, nikaibeba sinema nzima kichwani hadi sokoni, mahali ambapo wanawake wauza maziwa walinisubiri. Mkali wao alikuwa Habaryar Shukri, mdogo wa mama yangu, mwanamke ambaye hakuwa ameona filamu hata moja na alikuwa na maoni kuhusu zote. Nikimweleza juu ya shujaa anayesoma chuo, alidakia: “Umesema ana kitambi? Abaayo, dada yangu, huyo ana binti wa kuoza nyumbani kwake, na bado wamembebesha vitabu kama mwanafunzi! Vijana wameisha India?” Nikisema mama wa shujaa ni kipofu, wenzake waliguna: “Tena? Wiki iliyopita alikuwa kipofu huyohuyo. Hawana hospitali?” Kisha waliniuliza swali la mwisho, lililoamua ubora wa filamu yoyote katika mji ule: viatu mlangoni vilikuwa vingapi? Kwa kuwa watazamaji walivua ndapala nje, lundo la ndapala ndilo lililokuwa hukumu. Filamu iliyopata jozi hamsini ilikuwa nzuri. Iliyopata kumi ilikuwa mbaya, hata kama mimi niliilia.

Mwanzoni mwa Februari Gurey alilivuta pazia akanikuta. Sikukimbia. “Naa, wewe,” akasema, “miezi mingapi unaangalia bila tiketi?” Mkono mtupu haulambwi, nami sikuwa na kitu ila maziwa ambayo tayari yalikuwa yake. Lakini hakutaka pesa. Alikuwa na mpango. Mpiga picha wa harusi kutoka Nairobi alikuwa amekubali kumwazima kamera kwa majuma mawili, naye alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, ya kutisha, iliyosemwa kwa Kisomali tangu mwanzo. Alikosa hadithi. “Bibi yako ana hadithi,” akasema. “Niletee moja, na utakaa kwenye benchi kama mtu.”

Nikampa ile ya mwanamke wa kisimani. Ayeeyo aliisimulia wakati wa jilaal tu, akifukiza vyombo, akiwa amenigeuzia mgongo. Ilikuwa fupi. Familia inahama na ngamia katika ukame, inautafuta mto Tana. Msichana mmoja amepooza miguu kwa homa, na ngamia aliyembeba anaanguka na kufa. Mto uko mwendo wa siku tatu, maji ni ya siku mbili. Wanamwacha kando ya kisima kilichokauka, na kiriba kidogo cha maji, wakiahidi kurudi. Yeye anachana ukingo wa nguo yake nyekundu, anaufunga kwenye tawi ili wapaone mahali. Na anangoja. Hapo ndipo Ayeeyo alipokoma kila mara. Nilipouliza kilichofuata, alisema, “Kilichofuata ni kazi, Ayeeyo. Lete chombo kile.”

Gurey alisikiliza huku akikuna kidevu. “Mwanzo ni mzuri,” akasema, “lakini mwisho hakuna. Mtu amekaa anangoja. Nani atavua kiatu chake mlangoni aje kuona mtu anangoja?” Ulimi huponza kichwa. Mimi, niliyeshiba filamu za watu, nilitaka sana benchi lile, na nilitaka zaidi aone kwamba nazielewa filamu. Nikasema: “Labda anageuka fisi.” Akapiga paja kwa mkono wake wa kushoto.

Waliipiga picha mwezi wa Machi, nje ya mji, kwenye njia ya kuelekea Balambala. Katika uchaguzi wa waigizaji, Gurey alifanya kosa ambalo Habaryar Shukri hakumsamehe kamwe. Hapakuwa na mwanamke ambaye angekubali kuigiza, wala Gurey hakuthubutu kumwomba yeyote, hivyo akamchukua Dheere, kinyozi, mtu mrefu kama mlingoti, akamnyoa masharubu na kumvisha nguo nyekundu. Dheere alikuwa msichana, na Dheere huyohuyo, chini ya ngozi mbili za ng’ombe, alikuwa fisi. Kamera ilinasa upepo tu badala ya sauti, kwa hiyo Gurey alilazimika kuieleza filamu yake mwenyewe kwa kipaza sauti, kama alivyozieleza za Wahindi, na kunguruma kwa kinywa chake.

Ilionyeshwa Jumapili, tarehe 28 Machi, siku ya Idi ya kuchinja. Tangu asubuhi hadi alasiri ilionyeshwa mara tano, na mara ya tatu lundo la ndapala lilifunga njia, watu wakagombana kutafuta za kwao. Mji mzima ulizungumza juu ya fisi. Wanawake wakachoka kusimuliwa. Habaryar Shukri aliwaongoza kumi na wanne hadi mlangoni, akamwambia Gurey kwamba maziwa yote ya soko yataharibikia mikononi mwao kabla yeye hajaonja chai tena. Basi Jumanne, tarehe 30, wanaume wakaondolewa, ukumbi ukafukizwa ubani, na kwa mara ya kwanza wanawake wakavua viatu mlangoni pale. Ayeeyo alikuja kwa sababu nilimsihi. Alikuwa na miaka karibu sabini, na alikuwa hajaiona picha inayotembea.

Walicheka sana. “Wallahi, tazama visigino vya msichana! Hivyo si visigino, ni majembe!” alipiga kelele mmoja. Mwingine akamjibu, “Nyamaza, dada, usije ukanyolewa!” Fisi alipowararua jamaa waliorudi kumtafuta, walipiga mayowe na kukumbatiana, kisha wakacheka tena. Mimi niliketi kwenye benchi langu halali, nikijivuna. Lakini kabla ya hapo, Dheere alipochana ukingo wa nguo na kuufunga kwenye tawi, nilikuwa nimehisi mkono wa Ayeeyo ukiuacha mkono wangu. Alivumilia mpaka fisi alipolirarua tawi lile. Akasimama, akatoka, na nilipomfuata nje nilimkuta ameinama juu ya viatu, akivishika kimoja kimoja, hakijui chake.

“Ayeeyo,” akaniuliza bila kuinua uso, “nani alimpa Gurey kitambaa chekundu?”

“Ni mimi. Nilidhani ni hadithi tu.”

“Ni dada yangu,” akasema. “Tumbo moja.” Akavaa viatu ambavyo havikuwa vyake, akaenda nyumbani.

Hakunipiga wala kunikaripia. Siku ya tatu alikwenda kwa wazee wa mtaa, akadai haal. Haal ni haki ya mtu aliyevunjiwa heshima. Si fidia ya damu, ni kipimo cha kurudisha hadhi ya mtu kwa kitu kinachoonekana, mbele ya mashahidi. Kumwita mwanamke fisi mla watu, mbele ya mji mzima, siku ya Idi, ni jambo zito. Lakini wazee walipokaa mara ya kwanza, katikati ya Aprili, walimwuliza swali ambalo hakulijibu: aliyevunjiwa heshima ni nani? Kwetu mtu wa kweli hutajwa kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea juu kadiri ulimi unavyoweza. Asiyetajwa nasaba ni wa hadithi, na wa hadithi hana haki kwa mtu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu pia. Miaka yote Ayeeyo alimwita “msichana mmoja” tu, na mimi, mtoto niliyeweza kuwataja mababu zangu kumi na watatu kabla sijajua kuhesabu fedha, nilimsikia asiye na baba nikaamini kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Na kumtaja kulikuwa na gharama. Baba yao, Ayeeyo na dada yake, aliheshimika hata baada ya kufa. Watu walimkumbuka kama mtu ambaye hakumnyima mgeni maziwa. Kumtaja binti kulikuwa kumtaja baba, na kumtaja baba katika shauri lile kulikuwa kukiri kwamba alimwacha mwanawe angali na pumzi. Habaryar Shukri, ambaye kicheko chake kilikuwa kimeisha, alimlilia mama yake jikoni: “Hooyo, liache. Filamu itasahauliwa baada ya mwezi mmoja. Lakini babu yetu atasemwa sokoni mpaka wajukuu zangu wazeeke.” Ayeeyo aliendelea kufukiza vyombo. Mvua za Guu, masika yetu, zikaja, njia zikawa matope, wazee wakaahirisha, na kwa majuma matano nyumba yetu ilikaa kama nyumba yenye mgonjwa ambaye hakuna anayemtaja.

Nilianza darasa la kwanza mwezi wa Januari 2001, nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikikaa nyuma kwa sababu niliwazidi wote kimo, na nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2012, nikiwa mke wa mtu. Sioni haya kwa hilo. Marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 14 Agosti 2016, alipenda filamu kuliko nilivyozipenda, na tulibishana juu yake tangu Isha hadi usingizi ulipotushinda: yeye akisema filamu haina deni kwa hadithi iliyoizaa, mimi nikisema ina deni kwa aliyeiishi. Hatukukubaliana, na sasa sina wa kubishana naye. Wanafunzi ninaowafundisha leo hubeba sinema mifukoni. Huniambia filamu fulani ni kali kwa sababu imeingiza mamilioni, kwamba nyingine imeharibiwa na mwigizaji asiyefanana na yule wa kitabuni, na kwamba filamu ya kutisha isiyo na damu ni kupoteza bando. Nawasikiliza nikiwa nimechoka. Kwa uchaguzi wa waigizaji wako macho kuliko sisi, hilo nakiri. Hawangemvumilia Dheere hata dakika moja. Lakini kipimo chao ni kilekile cha lundo la viatu, kimekua tu. Na juu ya kutisha, naona hatujasogea. Gurey alidhani mtu anayengoja hatishi, ndipo akaweka fisi. Mimi nimengoja katika korido ya hospitali kwa siku tisa, na nasema fisi aliwekwa ili tusimtazame yule anayengoja. Filamu ya Gurey ilionyeshwa tena baada ya shauri kumalizika, picha zilezile kwa maelezo mapya. Watu waliokuja hawakufika thelathini, na walitoka kimya. Kwa hesabu ya mji ilikuwa imeanguka. Mwaka jana kijana mmoja, mwenye kamera ndogo na adabu nyingi, alinijia akitaka hadithi ya kutisha ya zamani. Nilimwuliza kwanza kama angeweza kuvumilia isiyo na mnyama. Akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Wazee walikaa mara ya pili siku ya Alhamisi, tarehe 20 Mei 1999, saa nne asubuhi, ndani ya ukumbi uleule wa video, kwa kuwa nje kulikuwa na matope na hapakuwa na paa jingine pana karibu. Walikuwa watano, na mkubwa wao, mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliketi mahali pa Gurey. Gurey aliketi benchi la mbele kama mtazamaji. Wanawake waliruhusiwa kukaa nyuma. Mimi niliitwa kueleza jinsi hadithi ilivyomfikia, nikaieleza mpaka mahali pa kungoja, nikaishia hapo.

“Na fisi?” mzee akamwuliza Gurey. “Fisi alitoka wapi?”

Gurey alinitazama. Sikufungua kinywa, na sikukifungua juu ya jambo hilo kwa yeyote, hata kwa mume wangu, mpaka nilipoandika ukurasa huu.

“Kichwani mwangu, adeer,” akasema. “Nilitafuta watu waje.”

Mzee akamgeukia Ayeeyo. “Mama, swali letu la Aprili bado limesimama. Tunamdai mtu huyu haki ya nani?”

Ayeeyo akainuka. Habaryar Shukri alimshika ukingo wa nguo, naye Ayeeyo akautoa mkono ule polepole, kidole kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake, sauti ya mtu anayeita ng’ambo ya mto: “Ambaro, binti Warsame, mwana wa Guled, mwana wa Samatar, mwana wa Elmi, mwana wa Farah.” Aliendelea mpaka majina ambayo wazee wenyewe waliyaitikia kwa kichwa, kwa kuwa yalikuwa pia ya kwao. “Baba yangu alimwacha kisimani akiwa hai. Alilia, lakini alimwacha. Kiriba kikubwa nilikibeba mimi. Nilikuwa na nguvu ya kubeba maji, sikuwa na nguvu ya kumbeba yeye. Sasa mmemjua. Mpeni haki yake.”

Gurey ndiye aliyesogea kwanza. Alitoka, akarudi na kondoo jike na mtandio mpya aliokopa duka la jirani, akauweka juu ya mabega ya Ayeeyo kwa mikono yote miwili, akaomba radhi kwa jina kamili la marehemu, bila kukosea hata babu mmoja. Ayeeyo aliupokea. Mzee akasema kanda ya filamu iletwe ichomwe, ili neno lile lisirudi tena.

“Msiichome,” akasema Ayeeyo. “Picha haina sauti, sauti ni ya Gurey. Aieleze upya.”

“Eeddo,” Gurey akamwambia kwa upole, akimwita shangazi, kama mtu anayeogopa kulikanyaga jambo, “nitamtaja, nitasema alingoja. Lakini fisi anaonekana kwenye picha. Siwezi kumwondoa. Nitasema nini juu yake?”

Ayeeyo aliuvuta mtandio mpaka kwenye paji la uso. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mzee.

“Tuliporudi baada ya mvua, kitambaa kilikuwepo kwenye tawi,” akasema. “Na fisi alikuwepo. Lakini fisi hakuwa yeye. Sema hivyo.”

Wazee wakainua mikono, ikasomwa Fatiha, na shauri likafungwa kabla ya adhana ya adhuhuri.